Akiba ya Bustani ni Jasho la Nani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaotesha ndani yake chakula cha watu na wanyama. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Watu wengi wa miji ya pwani, kuanzia Lamu na Malindi hata Mombasa, Tanga na Unguja, wamerudi katika jambo walilolijua wazee wao, nalo ni kupanda mboga na viungo majumbani. Uani mwa nyumba hupandwa mchicha na matembele, kando ya ukuta bamia, biringani na pilipili, na katika makopo na ndoo zilizotoboka hupandwa kotimiri, nanaa na mrehani. Asiye na ua hujaza mchanga na samadi katika gunia akalisimamisha mlangoni. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Na vita vya Ukraine vilipoingia mwaka 2022, bei za ngano, mafuta na mbolea zilipanda katika nchi nyingi, na kila aendaye sokoni na kikapu aliliona hilo kwa macho yake.

Jambo hili asili yake ni jema, wala hapana mwenye akili awezaye kulikataa. Imepokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba Mwislamu apandapo mti au mmea, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa kwa hicho kilicholiwa thawabu ya sadaka. Tena imepokewa kwake kwamba hapana chakula bora kuliko kile akilacho mtu kwa kazi ya mkono wake mwenyewe, na kwamba Nabii Daudi, amani imshukie, alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Basi mwenye kupanda nyumbani amekusanya mambo matatu: amejiepusha na israfu, ameilisha nyumba yake kilicho kibichi na safi, na amejifungulia mlango wa sadaka.

Lakini katika hadithi hiyo ya pili liko neno moja ambalo yafaa lisimamiwe. Neno hilo ni *mkono wake mwenyewe*. Sifa imetolewa kwa alaye kazi ya mkono wake, haikutolewa kwa alaye kazi ya mkono wa mwenziwe kisha akajihesabia yeye. Na hapa ndipo penye masala ya waraka huu: mwenye nyumba asemapo barazani kwamba bustani yake imemwekea akiba, akiba hiyo imetoka katika jasho la nani, nayo ni haki ya nani?

Aghlabu ya waume wa mijini hufanya kazi ya bustani siku moja tu, siku ya kuanza. Huleta mbegu na samadi, hulima tuta, hupanda, kisha hunawa mikono. Kuanzia siku ya pili kazi huwa ni ya mke, na ya binti, na ya mtoto arudiye chuoni. Wao ndio wamwagiliao maji, wapaliliao, wapunguzao miche, waokotao viwavi, na wafukuzao kuku na mbuzi. Mume hurudi jioni akaona majani yamestawi, akasema: "Tazama bustani yangu."

Ili jambo hili lisiwe maneno matupu, ifanywe hesabu. Chukua tuta moja dogo, urefu wake mita 4 na upana wake mita 1. Katika jua la kaskazi tuta hilo lataka kiasi cha lita 5 za maji kila siku kwa kila mita moja ya mraba, nazo ni lita 20, yaani dumu zima. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi dumu hilo ni kilo 20, mbali na uzito wa dumu lenyewe, na kwa siku 30 ni kilo 600. Mchicha, nao ni katika mboga zenye haraka kuliko zote, hukaa kiasi cha wiki tatu hata nne tangu kutiwa mbegu mpaka kuchumwa. Basi kabla ya jani la kwanza kuingia chunguni, ikiwa mvua haikunyesha, zimekwisha kutekwa na kuchukuliwa kilo 420 za maji. Nyumba yenye bomba na maji yasiyokatika, kazi hiyo ni nyepesi. Lakini pale ambapo bomba hutoa maji mara mbili kwa wiki, au ambapo kisima cha karibu kina maji ya chumvi yanayochoma miche, na maji matamu ni ya mbali, kilo hizo zote hupanda juu ya kichwa cha mtu. Mtu huyo ni nani?

Kisha itazamwe sheria ilivyosema, kwani wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni wajibu wa mke, na dhana hiyo haina msingi katika madhehebu ya Imamu Shafi. Wanavyuoni wa madhehebu wamesema kwamba masurufu ya mke, nayo ndiyo yaitwayo nafaqa, ni juu ya mume: nafaka ya mji kila siku, mudi mbili kwa tajiri, mudi moja na nusu kwa wa kati, na mudi moja kwa maskini, na pamoja na nafaka hiyo kitoweo cha kuilia, kwa kadiri ya ada ya mji na majira yake, na nguo, na nyumba, na vyombo vya kupikia. Bali Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika Minhaj kwamba hata gharama ya kusaga nafaka hiyo na kuioka ni juu ya mume, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Ikiwa kuioka tu hakukuwajibishwa juu ya mke, seuze kuilimia na kuiteka maji?

Basi lifahamike jambo hili kwa uzuri: kitoweo ni deni la mume. Mume akiacha kununua mboga kwa kuwa mkewe ameilima, hakika deni lake limelipwa na yule aliyekuwa akidai. Mfano wake ni mfano wa mtu anayedaiwa pishi ya mchele, kisha mwenye kudai akatwanga mpunga wake mwenyewe akala, na yule anayedaiwa akashukuru kwamba deni limemwondokea, akajiita mtu mwenye akiba!

Na kuhusu mazao yenyewe, wanavyuoni wametaja kanuni katika mlango wa ukulima wa shirika, nayo ni kwamba mazao humfuata mwenye mbegu. Mbegu zikiwa za mwenye ardhi, mazao ni yake, na mlimaji aliyeahidiwa sehemu ya mazao hayo hupewa ujira wa mfano wake. Mbegu zikiwa za mlimaji, mazao ni ya mlimaji, na juu yake ni kodi ya ardhi. Basi mke aliyenunua mbegu za bamia kwa pesa zake mwenyewe, akazipanda uani kwa idhini ya mumewe, bamia hizo ni mali yake. Akizipika zikaliwa na nyumba nzima, ametoa hiba. Na akiuza fungu kwa jirani, pesa ile ni yake, wala si halali kwa mume kuichukua ila kwa ridhaa yake.

Akisema msemaji: "Mke wangu hulima kwa hiari yake, wala hakuna aliyemlazimisha." Ataambiwa: ikiwa ni hiari ya kweli, basi huo ni wema wake kwako, naye ana thawabu zake, na wewe una wajibu wa shukrani. Lakini hiari ina alama yake. Alama yake ni kwamba mwenye kufanya aweza kuacha bila ya kununiwa. Mke akikaa siku tatu hakuteka maji, na mboga zikanyauka, je, mume atasema, "Pole, umechoka," au ataigeuza nyumba kuwa moto? Jambo ambalo mtu hawezi kuliacha kwa salama haliitwi hiari, hata likifanywa kwa uso wa kucheka.

Akisema mwingine: "Hii ndiyo ada yetu, mama zetu walifanya hivi." Ataambiwa: ni kweli kwamba wako katika wanavyuoni, nje ya madhehebu haya, waliosema kwamba mke humtumikia mumewe kwa kadiri ya ada, na Ibn Taymiyya ni mmoja wao. Lakini hao nao wameifunga kauli yao kwa neno wema, na kwa hali ya mke na mji wake. Mke wa shamba aliyekulia katika jembe ana ada yake, na mke wa mjini aliyeolewa katika nyumba isiyo na jembe ana ada yake. Ada ya kupika haiwi ada ya kulima kwa sababu tu bei ya mchicha imepanda.

Akisema wa tatu, na huyu ndiye mwenye hoja iliyo na nguvu: "Nyumba ni moja na chungu ni kimoja. Kwa nini kuhesabiana jasho kama watu wa sokoni? Kilichookolewa kimeokolewa kwa ajili ya wote." Ataambiwa: maneno haya ni mazuri, na laiti yangekuwa kweli katika kila nyumba. Ukweli wake hujulikana kwa swali moja: pesa iliyookolewa imekwenda wapi? Ikiwa imekwenda katika maziwa ya watoto, au karo yao, au dawa, au kulipa deni la duka, au kumpunguzia mama wa nyumba mzigo mwingine, basi nyumba hiyo ni moja kweli, na bustani yake ina baraka. Lakini ikiwa pesa ya kitoweo imebaki mfukoni mwa mume, ikaishia katika mirungi na sigara, basi nyumba hiyo ilikuwa moja katika jasho, ikawa mbili katika pesa. Na dhulma yake ni kubwa kwa sababu imevikwa kanzu ya uchumi mwema, hata aliyedhulumiwa aona haya kulalamika.

Katika masala haya imo sehemu ambayo kadhi hataweza kuingia. Kwani kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba mtu akimfanyia mwenziwe kazi pasi na kutajwa ujira, hana ujira wa kudai. Na mke aliye pamoja na mumewe katika sahani moja kwa ridhaa, kama ilivyo ada, haki yake ya kupimiwa mudi na kitoweo huondoka kwa kile alichokula. Basi mke aliyeteka madumu mia hana cha kupeleka mahakamani. Je, hii ndiyo maana ya kwamba mume amesalimika? La, hakusalimika. Sheria imeliacha jambo hili wazi ili lijazwe na ihsani na muruwa wa mtu. Na mwenye kuligeuza pengo la ihsani kuwa njia ya faida amejidhihirishia kwamba hakufanya wema ila kwa kumwogopa kadhi.

Na katika khabari za masahaba upo mfano ulio wazi. Bibi Asmaa, binti wa Abubakar, aliolewa na Zubeir bin Awwam naye Zubeir wakati huo hana mali ila ngamia wa kutekea maji na farasi. Asmaa akawa ndiye amlishaye farasi, atekaye maji, ashonaye ndoo ya ngozi na akandaye unga; na kuoka mikate alisaidiwa na majirani zake, wanawake wa Ansari. Tena alikuwa akichukua kokwa za tende kichwani, kutoka katika ardhi aliyopewa Zubeir, nayo ilikuwa mbali thuluthi mbili za farsakh, yaani zaidi ya kilomita tatu. Siku moja Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkuta njiani na mzigo wake, akampigisha magoti ngamia wake ili ampakie nyuma yake. Asmaa akaona haya kwenda pamoja na wanaume, akakumbuka na wivu wa mumewe. Alipofika nyumbani akamweleza Zubeir, naye Zubeir akamjibu kwamba kumwona amechukua kokwa zile kichwani kulimuuma zaidi kuliko lau angalipanda pamoja na Mtume. Hali ikaendelea hivyo mpaka Abubakar alipompelekea mtumishi wa kumtazama farasi, na Asmaa akaona kana kwamba ametolewa utumwani.

Imamu Nawawi, alipoisherehesha hadithi hii, alisema kwamba kazi zote hizo ni katika wema na muruwa waliozoeana watu kwazo, nazo ni ihsani ya mke kwa mumewe, si wajibu juu yake. Na mwenye kuzingatia ataona jambo jingine. Zubeir alikuwa fakiri, na haja ilikuwa ya kweli. Lakini mzigo wa mkewe ulimuuma. Hakukaa mbele za watu akasema, "Farasi wangu amenenepa bila ya gharama." Tofauti baina ya nyumba mbili zenye umasikini sawa ni hii: katika moja mume huuona mzigo ulio kichwani mwa mkewe, na katika ya pili haoni ila mboga iliyo sahanini mwake. Naye Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake mpaka iingiapo sala. Basi ni nani leo aliye bora kuliko Mtume hata dumu la maji limvunjie heshima?

Na kama lilivyo jasho la mke, ndivyo kilivyo kila kitu cha wengine kiingiacho bustanini bila ya hesabu. Wako watekao maji ya msikitini kwa ajili ya matuta yao. Maji yaliyowekwa wakfu kwa kutawadhia ni ya kutawadhia, wala si halali kuyafanyia jingine. Mboga iliyomea kwa maji hayo imeoteshwa kwa haki ya wenye kusali. Na wako waalimu wa vyuo wawatumao watoto wa watu kumwagilia bustani zao badala ya kusomeshwa. Mzee alimleta mtoto asome Kurani, hakumleta awe kibarua. Kazi ya mtoto ni amana ya mzee wake, haitumiwi ila kwa idhini yake na kwa lile lenye manufaa ya mtoto mwenyewe.

Basi afanyeje mwenye nyumba atakaye bustani yenye baraka? Ashike mambo matano.

La kwanza, ashauriane na mkewe kabla ya jembe kuingia ardhini, wakubaliane ni nani atakayeteka, ni nani atakayepalilia, na mbegu ni za nani. Makubaliano ya mwanzo huzuia manung'uniko ya mwisho.

La pili, awe na sehemu yake ya kazi ya kila siku, khasa ile iliyo nzito. Dumu mbili baada ya sala ya alfajiri hazimpunguzii mwanamume kitu, na kwa hizo atakuwa kweli amekula kazi ya mkono wake.

La tatu, apunguze kazi kwa hekima. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni tohara, na maji yaliyokwisha kutawadhiwa, ijapokuwa hayafai kutawadhiwa tena, ni tohara na hufaa kumwagilia; basi yaelekezwe kwenye tuta. Ardhi ifunikwe kwa majani makavu, na miche itiwe kivuli cha makuti, ili maji yasikauke upesi. Wala asichelee samadi ya mbuzi: samadi ni najisi katika madhehebu, lakini kilichomea juu yake ni tohara, na jani lililoguswa na najisi yenyewe huoshwa.

La nne, pesa iliyookolewa iwe na jina. Iwekwe katika kopo lake, na mume na mke waijue idadi yake na njia yake. Na kama mbegu na kazi ni za mke, kopo hilo ni la mke.

La tano, jirani asisahauliwe. Katika madhehebu ya Imamu Shafi mboga hazina zaka, kinyume cha alivyosema Imamu Abu Hanifa. Lakini kukosekana zaka si kukosekana haki. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuusia Abu Dharri kwamba apikapo mchuzi azidishe maji, na awatazame majirani zake. Mwenye bustani ana wepesi kuliko mwenye mchuzi: fungu la kotimiri halimfilisi mtu.

Enyi waume, pandeni, wala msiache. Ardhi ya uani iliyokaa bure na takataka ni khasara. Lakini msilete sahanini mboga ambayo aliyeilima anaila akiwa na donge kooni. Siku ya Hesabu mtu hataulizwa tu alichokitumia. Ataulizwa na alichokiokoa, alikiokoa kwa nani. Mwenye kuitaka akiba na aianze kwa mkono wake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, atupe macho ya kuiona taabu ya watu wa nyumba zetu, na azitie baraka ardhi zetu na jamaa zetu. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.